Vyombo vya bendi vimegoma na shoo iko karibu, fanya hivi

Nimekaa na bendi za shule muda mrefu na walimu wenzangu nawaambia kila siku, matengenezo ya haraka mara nyingi hayacheleweshwi na fundi, yanacheleweshwa na namna tunavyompelekea mzigo. Unambebea tarumbeta, klarineti na saksafoni zote pamoja unamwambia "hizi hazilii vizuri, nazitaka keshokutwa", sasa hapo siku nzima inaishia kutafuta tatizo tu kabla hajashika hata bisibisi.

Kwahiyo kabla hujatoka shuleni kaa na mwanafunzi anayepiga hicho chombo, maana yeye ndo anakijua, mwambie apige noti zote taratibu toka juu kushuka chini na wewe uandike inapogomea. Klarineti na saksafoni zinahitaji sana hii kwasababu pedi moja (kile kifuniko laini chini ya kitufe kinachoziba tundu) ikivuja, noti za chini yake nazo zinasumbua, zinakataa kutoka au zinaruka juu kwa kelele, ukimwambia fundi inaanza kugoma noti ipi anajua aanzie wapi. Andika kwenye karatasi ufunge na kamba kwenye chombo chenyewe, halafu mtumie picha kabla hujaenda, pedi zina saizi zake na anaweza kuwa hana.

Tarumbeta ikiziba ghafla baada ya kusafishwa, hewa haipiti kabisa, usimkimbilie fundi kwanza. Mara nyingi ni valvu, zile pistoni unazobonyeza kwa vidole, zimepishana. Kwa kawaida zina namba 1, 2, 3, ya 1 ndo iliyo karibu na mdomo wa mpigaji, irudishe kila moja kwake, zungusha taratibu mpaka ikae, weka mafuta ya valvu, pulizia.

Ila kile kipande cha mdomoni kikinasa, jamani plaizi hapana! Fundi ana kifaa chake cha kukivuta na ni kazi ya dakika chache, ukilazimisha unapinda bomba na sasa inakuwa kazi ya kulehemu. Supaglu nayo kwenye pedi naomba muiache kabisa, gundi ya pedi ni ile inayolainika kwa moto ili fundi aweze kuirekebisha pedi ikae sawa, ukiweka supaglu anaanza kukwangua.

Kama siku imefika na fundi hayupo, springi iliyokatika kwenye klarineti unaweza kuifanyia kazi na rababendi, na maungio yaliyolegea yazungushie uzi au ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ni ya siku hiyo tu, rababendi itoe mapema maana ikikaa inaweka weusi kwenye vitufe vilivyopakwa fedha.

Kitu kingine, usimwambie fundi vyote ni vya haraka. Tarumbeta moja kati ya nyingi inaweza kusubiri, tuba yenu ya pekee haiwezi, bila hiyo bendi nzima inabaki haina besi. Mpe orodha, kipi kianze, na mwambie wazi unataka kilie, sehemu iliyobonyea kidogo ataipiga baada ya shoo. Na siku ya kuchukua nenda na yule mwanafunzi, apige noti zile zile palepale mbele ya fundi, kama bado kuna inayogoma anaimalizia mkiwa hapo.