Kabla Hujaanza Kukusanya Saini za Petisheni

Wiki iliyopita kijana mmoja msomaji aliniandikia: "Dada, nitumie ile fomu ya petisheni nijaze jina la kijiji chetu tu." Nikacheka, kisha nikakasirika kidogo. Tangu choo cha soko letu kifunguliwe baada ya petisheni yetu, jumbe za aina hii haziishi, na kila mtu anataka karatasi. Hakuna anayeuliza tulimpelekea nani wala tuliomba nini. Basi leo naeleza mara moja, tumalizane.

Mimi ni fundi cherehani. Soko letu liko Kenya, ni la kaunti, nayo kaunti sitaitaja. Kila asubuhi mtoza ushuru anapita na kijitabu chake, anakata tiketi, nawe unalipa hata kama hujauza nyanya moja. Choo kilijengwa, kikapakwa rangi, kikatiwa kufuli. Maji hayakuunganishwa. Kina mama wauza samaki, wanaofika sokoni kabla ya alfajiri, wakawa wanavuka barabara kwenda kulipia choo cha baa. Mama mtu mzima, na buibui lake, anapanga foleni mlangoni pa baa! Wanaume walikuwa wanaona mzaha. Mimi sikuona.

Kulikuwa na karatasi nyingine kabla ya yetu. Jirani mmoja, ambaye sauti yake inajulikana soko zima, alizungusha daftari akakusanya saini mpaka za abiria wa matatu. Juu aliandika kwamba wananchi wamechoka na serikali ituangalie. Akaipeleka kwa chifu. Sasa chifu ni mtu wa serikali kuu, choo cha soko la kaunti kinamhusu nini? Akaipokea kwa heshima zote, akaiweka. Nadhani bado ameiweka.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limegawa kazi. Masoko, zahanati, chekechea na barabara za kaunti ni mambo ya kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, hayo ni ya serikali ya kitaifa. Ukibisha mlango usio wake, hata uwe na saini elfu moja unajichosha. Na tena saini nyingi si sharti: Kifungu cha 119 kinasema kila mtu ana haki ya kupeleka petisheni Bungeni. Kila mtu, yaani hata wewe peke yako. Kifungu cha 37 nacho kinakupa haki ya kuziwasilisha kwa mamlaka za umma, pamoja na kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Kwa kaunti kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15: bunge la kaunti unaweza kulipelekea jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, mpaka kuliomba litunge sheria au liifute. Wakili si lazima. Pesa ya chai si lazima, na ukiombwa, kataa.

Yetu, ya kwenda bunge la kaunti, niliandika mwenyewe, usiku, kwa Kiswahili. Nilifuata Sheria ya 2012 ya petisheni za Bunge la kitaifa kama mwongozo, maana imeeleza vizuri. Inakubali Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa chapa, bila kufutafuta wala kuchomeka maneno juu ya mstari. Useme umeshajaribu wapi na ulijibiwa nini, au hukujibiwa. Useme kama jambo liko mahakamani. Uweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na saini, na asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Karatasi zikiwa nyingi, kichwa cha jambo kirudiwe kwenye kila moja. Hili msilipuuze, kwa sababu karatasi ya saini isiyo na kichwa inaweza kubanwa pini kwenye jambo lolote, hasa msimu wa siasa.

Halafu mwishoni linakuja ombi lenyewe, na ndilo watu wanalolisahau. Wanajaza kurasa za uchungu kisha wanaishia "tusaidiwe", kama mgonjwa anayemwambia daktari anaumwa tu na hataki kuonyesha wapi. Sisi tuliomba choo kifunguliwe, maji yaunganishwe, na itangazwe nani anakiendesha na mapato yake yanakwenda wapi. Basi. Wenzangu walitaka niongeze paa, taa, mbwa koko na karo za watoto. Nilikataa. Nikaitwa mwenye kiburi, na wapo ambao hawajanisamehe. Nawaambia hapa hapa: ningeongeza mbwa, mpaka leo mngekuwa mnavuka barabara.

Tuliambatanisha nakala za tiketi za ushuru. Lilikuwa wazo la mama mmoja muuza mchicha, sifa zake nampa. Kamati ya bunge la kaunti ilipokuja sokoni, tiketi ndizo zilizoulizwa kwanza, kwa sababu kila moja ilikuwa na tarehe na kiasi, na hakuna aliyeweza kusema hatulipi.

Nakala mbili, jamani. Moja unaiacha, nyingine inapigwa muhuri na tarehe unarudi nayo. Nilipofika ofisini niliambiwa niache tu, itafika. Nikasema nitasubiri muhuri. Nikakaa mpaka wakachoka kuniangalia.

Miezi ya kungoja siielezi, haina ladha. Ila wakati ule nilikuwa namfikiria Kirilo Japhet, Mmeru wa Tanganyika. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, mashamba yaende kwa walowezi. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo petisheni ilikuwa na njia ya kumpita gavana. Mwaka 1952 Kirilo akafika New York kuzungumza. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi, lakini Uingereza ililazimika kujieleza mbele ya dunia kwa sababu ya Mmeru mmoja. Na sisi tunaogopa ngazi za bunge la kaunti!

Choo kikafunguliwa. Kukawa na hema, utepe na fulana. Mheshimiwa wa wadi akasema ni ahadi yake ametimiza. Wauza samaki hawakupewa hata kiti, na jina langu halikutajwa. Iliniuma na bado inaniuma, siwezi kuwadanganya. Lakini maji yanatoka. Wewe unayetaka kupigiwa makofi, tafuta kazi nyingine, hii haikufai.

Ombi letu la tatu, lile la mwendeshaji na mapato, halijajibiwa. Watu wanatozwa pesa mlangoni pa choo na hakuna anayejua zinaingia mfuko gani. Petisheni nyingine siandiki. Nimeandika ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayowapa maofisa wa umma siku 21 za kujibu. Wasipojibu, napeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi tunaiita Ombudsman. Nakala yangu ina muhuri.