Kabla hujamwachisha mama dawa ya kolestro

Dada mmoja kaniandikia wiki hii: mama yake ameanza atorvastatin, sasa majina ya wajukuu yanampotea, je, amwachishe? Mdogo wangu, jibu la hivyo halitoki kwenye simu. Lakini yangu nitakusimulia.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu hapa Tanga, na nasema bila haya, daftari langu halikupungua shilingi. Hisa za kila mwanachama nilizijua kichwani. Kliniki ya presha wakanipima, kolestro iko juu, nikapewa simvastatin ya kila usiku. Haukupita muda mrefu, namwita mtu jina halitoki. Siku moja nikasoma marejesho ya mtu yule yule mara mbili mbele ya kikao. Wakacheka. Kikao kilichofuata daftari kakabidhiwa mwingine, eti "bibi apumzike". Bibi! Aliyesema hivyo nilisoma naye darasa moja.

Daktari wa kwanza akasema ni umri. Wa pili alinisikiliza. Tangu 2012, akasema, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitaka maelezo ya statini, yaani dawa za kolestro za jamii ya simvastatin na atorvastatin, yataje usahaulifu: huwapata wachache, na kwa kawaida huisha dawa ikisimamishwa. Ila tafiti kubwa hazikuona statini zikiwaharibia watu kumbukumbu kwa jumla, kwa hiyo hakukimbilia kulaumu kidonge. Akapima kwanza tezi ya shingo, maana ikilegea huleta usahaulifu na kolestro kwa pamoja. Akapima na vitamini B12, kwa kuwa natumia metformin ya sukari miaka mingi, nayo huipunguza. Vyote salama. Ndipo akanisimamishia simvastatin kwa wiki chache, na tarehe ya kurudi akaniandikia. Majina yakarudi! Nikahamishiwa rosuvastatin, isiyopenya kirahisi kwenye ubongo, na ninaimeza mpaka leo.

Mnaotupa vidonge chooni mkasingizia mitandao, mnanisikia? Kiharusi nacho hula kumbukumbu, na hakirudishi. Semeni na daktari. Akisema ni uzee bila kupima, nendeni kwa mwingine.

Mama yako mwandikie lini alianza dawa na lini usahaulifu ulianza. Mbebee dawa zote, hata za duka la mtaani: clarithromycin, antibiotiki ya kifua, huongeza statini kama atorvastatin kwenye damu. Na umsindikize wewe mwenyewe, maana akiingia peke yake atasema hajambo.