Maswali ya Wasomaji: Marisau ya Chuma kwa Bata

SWALI: Niko Minnesota, Marekani. Nina shotgani ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) yenye choki ya ful, yaani mdomo wa mtutu uliobanwa sana. Nimeambiwa bata hapigwi kwa marisau (punje za katriji) ya risasi, yaani metali ya ledi, nikanunua ya chuma namba 4. Bata wa mallard nawagusa lakini wanaondoka na majeraha. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa liko kwenye namba, na pengine kwenye choki. Chuma ni chepesi: gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo, na risasi ni 11.3. Punje yake huishiwa nguvu mapema. Kwa hiyo panda ngazi mbili: palipofaa namba 4 ya risasi, weka namba 2 ya chuma (namba ikishuka, punje hukua). Katriji ya inchi 3 yenye wakia 1¼ ya namba 2 ina punje 155 hivi. Soma kwanza maandishi ya mtutu. Kama chemba (mahali katriji inapokaa) ni ya inchi 2¾, usiweke ya inchi 3.

Kisha pima, maana maneno ya kwenye boksi hayajui bunduki yako. Tundika karatasi ya mita 1.2 kila upande, weka doa katikati, simama yadi 40. Piga katriji moja tu kwa kila karatasi, karatasi tano. Moja peke yake hudanganya. Chora duara la inchi 30 pale matundu yalipojaa zaidi, hata kama si kwenye doa, uhesabu. Kwa mallard tafuta 85 au zaidi. Kisha weka kiganja juu ya karatasi, ukitembeze: panapokaa bila kugusa tundu, hapo bata hupita na jeraha.

Katikati pakiwa kama chujio na pembeni patupu, choki imebana mno. Chuma hakibonyei kama risasi, hivyo punje hutoka zimeshikana. Jaribu modifaid, choki inayobana kidogo kuliko ful. Tena mtutu wa zamani wenye ful unaweza kuvimba mdomoni kwa chuma. Kwa mtutu huo tumia marisau ya bismathi, metali iliyo laini kuliko chuma, ingawa bei yake ni kubwa.

SWALI: Katriji za risasi zilizobaki nizibebe kama akiba?

JIBU: Hapana. Katazo la kupiga bata kwa marisau ya risasi ni la nchi nzima tangu 1991, na kuwa nazo tu ukiwa kwenye uwindaji wa bata ni kosa. Bata humeza punje zilizozama topeni wakidhani ni changarawe, firigisi inazisaga, sumu inaingia damuni.