Malikale zilizoporwa: geuza kitu kabla ya kufungua faili

Ukikabidhiwa kitu cha kwanza kufuatilia kilitoka wapi na kwa mikono ya nani, usikimbilie faili la nyaraka zake. Kigeuze. Kitakoni, mgongoni na ndani ya shingo ya mtungi ndiko vinakokaa vibandiko, namba za mnada na gundi ya kibandiko kilichobanduliwa. Piga picha kila alama, kisha rudia ukiwa umelaza taa ubavuni. Namba iliyokwanguliwa haionekani kwa mwanga wa juu. Yote haya kabla hakijapelekwa kusafishwa. Pima urefu pamoja na stendi na bila stendi, kwa sentimita na kwa inchi. Watu wamekataa kuwa ni kitu kilekile kilicho kwenye katalogi ya zamani kwa sababu tu aliyekipima zamani alihesabu na stendi.

Kwenye faili, swali si kama karatasi ipo, ni kama ingeweza kuwepo tarehe hiyo. Jeneza la Nedjemankh, kuhani wa Misri ya kale, lililopakwa dhahabu, lilinunuliwa na Metropolitan Museum ya New York mwaka 2017 likiwa na kibali cha Misri cha kulitoa nchini cha Mei 1971. Mhuri ulitaja Jamhuri ya Kiarabu ya Misri, ilhali nchi ilichukua jina hilo Septemba mwaka huo. Kibali kilikuwa cha kughushi. Jeneza liliibwa 2011, likarudishwa Misri 2019.

Picha nazo zina umri. Ghala la mfanyabiashara wa malikale Giacomo Medici huko Geneva lilipopekuliwa 1995, zilipatikana picha za Polaroid za vyombo vingali na udongo, vingine vipandevipande. Filamu ya SX-70, aina ya Polaroid, iliingia sokoni 1972. Chombo kilichopigwa kwa filamu hiyo kikiwa na matope hakiwezi kuwa kilikaa kabatini kwa familia tangu 1920, hata muuzaji aape vipi.

Cheti cha hifadhidata ya vitu vilivyoibwa kisikulaze usingizi. Kitu kilichofukuliwa usiku hakikuwahi kuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyekiripoti. Cheti safi hapo hakithibitishi chochote.

Wageni wengi katika kazi hii pia huushika mwaka 1970, wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, kama mstari wa mwisho. Angalia sheria ya nchi ya asili: Italia ilikuwa na sheria yake ya malikale tangu 1909, na Misri ilifunga biashara ya malikale kwa Sheria namba 117 ya 1983. Kwa shaba za Benin, ufalme uliokuwa katika Nigeria ya leo, zilizoporwa na jeshi la Waingereza Februari 1897, mwaka 1970 haukusaidii kitu. Hapo tafuta majina ya maofisa wa msafara ule wa kijeshi na katalogi za dalali W. D. Webster, ambazo zina michoro ya kulinganisha.

Unapoandika mlolongo wa wamiliki, nukta-mkato iwe na maana kitu kilitoka mkono huu moja kwa moja hadi ule. Nukta iwe na maana kuna pengo. Kila mmiliki awe na chanzo chake. "Mkusanyo binafsi, Uswisi" bila jina wala mwaka ni pengo, kwa hiyo weka nukta.