Saikolojia, udaktari wa akili au sayansi ya ubongo? Namjibu kijana wa PCB

Wiki iliyopita kijana aliyemaliza kidato cha sita aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nataka kuielewa akili ya mwanadamu. Nisome saikolojia, niwe daktari wa akili, au niende kwenye ubongo kabisa?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kabla ya kujaza maombi ya chuo, hapo umeshawazidi wengi.

Mimi nilisoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), kwa hiyo mlango wa udaktari ulifungwa kabla sijaufikiria. Nikachukua shahada ya saikolojia, miaka mitatu, na kila likizo mashangazi walinikalisha sebuleni: "Haya, tuambie sasa hivi tunawaza nini." Nilicheka nao. Kilichoniuma kilikuja baadaye, wodini, daktari mmoja aliponitambulisha kwa mgonjwa: "Huyu dada atakupigisha stori kidogo." Wakati huo nina shahada ya uzamili ya saikolojia tiba! Mama yule alikuwa anaacha dawa kila akiruhusiwa kurudi nyumbani, na aliyejua sababu (zilimnenepesha, mumewe akaanza kumcheka) ni huyu huyu mpiga stori. Siku hizi daktari ndiye anayenipigia simu. Nasema tu.

Sasa wewe. Usichague kwa utamu wa jina, chagua kazi ya Jumatatu asubuhi. Daktari wa akili ni daktari kwanza: shahada ya udaktari (MD) miaka mitano, utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, mwaka mmoja, kisha ubingwa miaka mitatu, kama pale Muhimbili. Miaka tisa hiyo, na ndani yake utazalisha wajawazito na kushona majeraha. Ukipangiwa kliniki ya akili wilayani utakutana na kifafa kila siku, jambo ambalo filamu hazikuonyeshi. Lakini utaandika dawa, nami siandiki.

Saikolojia ni kusikiliza, kupima na kurudia. Shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mtaalamu wa tiba. Bila uzamili utaishia kuombwa ushauri wa ndoa harusini. Nimeombwa, tena na bwana harusi.

Sayansi ya ubongo ni maabara, panya, takwimu na kuandika programu za kompyuta. Wagonjwa unaweza usiwaone kabisa. Hata hivyo njia hizi hukutana: Eric Kandel alisomea udaktari wa akili, akaenda kuchunguza kumbukumbu kwenye konokono wa baharini, mwaka 2000 akapewa Nobeli.

Vijana, tuache kukimbilia kozi ili tujitibu majeraha ya nyumbani. Kama una jeraha, nenda ukatibiwe, halafu ndiyo ujaze fomu. Nawaona kila mwaka, wanalia darasani kwenye somo la makuzi ya mtoto, mtihani unawashinda.

Mdogo wangu, alama zako zikitosha, weka MD kwanza. Saikolojia utaifikia hata baadaye ukiwa daktari. Mimi kuufikia udaktari ingebidi nirudi kidato cha tano nikaanze na fizikia.