Maswali ya Wasomaji: Muswada Mmoja, Vifaa Vitatu

Safari hii tumekusanya barua za waandishi: wa riwaya, wa vitabu vya shule, wa tasnifu. Kilio chao ni kimoja: kazi imepotea au inakaribia kupotea kwa sababu kila siku inahama kati ya simu, laptopu na flashi. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo jambo lenyewe ni refu.

Sura mbili zimerudi nyuma

*Naandika riwaya kwa Scrivener, programu ya kuandikia vitabu. Nina laptopu ya Windows na iPad, na mradi wangu uko Dropbox, hifadhi ya mtandaoni. Juzi nimefungua laptopu nikakuta sura mbili zimerudi kama zilivyokuwa wiki iliyopita, na ndani ya folda ya mradi kumezuka mafaili yenye maneno “conflicted copy” (nakala inayogongana). Nifanyeje? Na kwa kuwa kila kitu kiko Dropbox, kuna haja ya bakapu nyingine? — Mwandishi wa riwaya, Arusha*

Kwanza acha kuandika kwenye mradi huo, iwe kwa laptopu au kwa iPad. Funga Scrivener, kisha nakili folda nzima ya mradi, ile ambayo jina lake linaishia na .scriv, uiweke nje ya Dropbox. Uokoaji wote ufanyie kwenye nakala hiyo, ili ukikosea bado ile ya asili ipo.

Ingia ndani ya nakala, fungua folda ya Files, halafu Data. Utakuta folda tele zenye majina marefu ya herufi na tarakimu. Kila moja ni kipande kimoja cha kitabu chako, na maandishi yenyewe yamo kwenye faili liitwalo content.rtf. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika “conflicted”. Kila faili litakalojitokeza lifungue kwa Word au LibreOffice usome. Kuna uwezekano mkubwa sura zako zimo humo. Nakili maandishi uyabandike kwenye hati mpya, uyalinganishe na yaliyomo kwenye mradi, kisha urudishe yanayofaa kupitia Scrivener yenyewe. Ndani ya Data usifute kitu wala usibadilishe jina la faili lolote, maana programu huyatambua mafaili kwa majina yake na mahali yalipo.

Sasa chanzo chake. Mradi wa Scrivener ukiutazama unadhani ni kitu kimoja, kumbe ni folda yenye mafaili madogo ambayo kwa riwaya hufika mamia. Programu huhifadhi yenyewe kila unapotua kuandika kwa sekunde mbili hivi, na Dropbox huyabeba mafaili hayo moja moja. Ukifunika laptopu kabla upakiaji haujaisha, mengine yamefika mtandaoni na mengine bado. Usiku unafungua iPad na kuhariri sura ileile ambayo haikufika. Asubuhi laptopu inapowaka, mafaili mawili tofauti yanagombea nafasi moja. Dropbox haiwezi kujua lipi ndilo unalolitaka, kwa hiyo hubakiza moja mahali pake na la pili hulipa jina hilo ulilolikuta.

Dawa yake ni mwendo wa kuhama kifaa, nao haukubali haraka. Ukimaliza kwenye laptopu, funga mradi, kisha tazama alama ya Dropbox kando ya saa, chini kulia. Subiri iseme kila kitu kimesasishwa, ndipo uzime. Kwenye iPad, Scrivener haisawazishi kimyakimya: lazima ubonyeze alama ya mishale kabla ya kufungua mradi, na tena baada ya kuufunga, huku programu ikiwa mbele ya skrini mpaka imalize. Ukirukia programu nyingine katikati, kazi inaweza kukatika. Ukirudi laptopu, iache Dropbox ishushe kwanza, ndipo ufungue Scrivener. Pia bofya kulia kwenye folda ya mradi ndani ya Dropbox uiweke ipatikane hata bila intaneti. Ikiachwa kuwa ya mtandaoni tu, mradi unaweza kufunguka huku vipande vingine vikiwa vitupu. Usihamishie mradi unaouandika Google Drive. Watengenezaji wa Scrivener hawaipendekezi kwa kazi hiyo, na toleo la iPad husawazisha kupitia Dropbox pekee.

Kuhusu bakapu, jibu ni ndiyo, unaihitaji, na tunalisema kwa msisitizo. Kusawazisha ni kuvifanya vifaa vyote vifanane, pamoja na makosa yako. Sura uliyoifuta kwenye iPad itafutika na kwenye laptopu. Dropbox ya bure hukuruhusu kurudisha kilichofutwa ndani ya siku 30, lakini mwandishi wa riwaya anaweza kukaa miezi miwili bila kuigusa sura ya tatu. Bakapu ni nakala iliyoganda siku fulani na isiyofuata tena unachofanya.

Scrivener inakutengenezea nakala za namna hiyo. Kwenye Windows nenda File, kisha Options, kisha Backup. Hakikisha bakapu za kujiendesha zimewashwa, zinafanyika mradi unapofungwa, zinabanwa kuwa zipu (faili moja lililobanwa), na jina la kila moja lina tarehe. Idadi ya kutunza iongeze iwe 25, au zote. Ukiacha nakala chache tu, siku moja ya kufungua na kufunga mradi mara kwa mara itazifuta zote nzuri na kubakiza zenye kosa. Halafu badilisha mahali zinapokaa. Kwa kawaida zinakaa ndani ya laptopu hiyohiyo, na mwizi hatakuachia. Zielekeze kwenye folda ya OneDrive au ya Google Drive, ambazo nazo ni hifadhi za mtandaoni. Hapo Google Drive inafaa kabisa, kwa sababu zipu ni faili moja ambalo haligusiki tena. Mara moja kwa wiki nakili zipu ya karibuni kwenye diski ya nje.

Siku ya kurudisha kuna mtego. Windows hukuruhusu kuchungulia ndani ya zipu kama folda ya kawaida, na mtu akiufungua mradi humohumo anaweza kuandika asubuhi nzima bila kitu kuhifadhiwa. Bofya kulia, toa vyote kwenye folda nyingine, ndipo ufungue.

Mafaili tisa, lipi jipya?

*Natunga kitabu cha mazoezi kwa Word. Mchana natumia kompyuta ya shule, usiku simu ya Android, na faili najitumia kwa WhatsApp. Sasa nina mafaili tisa yenye majina yanayofanana na sijui nishike lipi. — Mwalimu, Unguja*

Mwalimu, kila unapojitumia faili kwa WhatsApp unazalisha nakala mpya. Ukiifungua kutoka kwenye gumzo ukaihariri, mabadiliko hayarudi kwenye faili la kompyuta, na hata lililo kwenye gumzo linabaki lilivyokuwa. Ndiyo maana yamefika tisa.

Yaweke yote tisa kwenye folda moja, uyapange kwa tarehe ya kuhaririwa. Tahadhari: faili lililopakuliwa laweza kuonyesha tarehe ya kupakuliwa, si ya kuandikwa, kwa hiyo tarehe peke yake isikuamulie. Fungua Word ya kompyuta, nenda Review, chagua Compare, weka faili moja kama la awali na jingine kama lililorekebishwa. Word itakuonyesha kila neno lililoongezwa au kuondolewa. Kubali au kataa, hifadhi, kisha linganisha matokeo na faili linalofuata. Ni kazi ya jioni moja au mbili.

Baada ya hapo faili liwe moja tu, likae OneDrive, ambayo hutoa GB 5 bure. Muswada wa maneno 80,000 usio na picha haufiki MB 1, kwa hiyo nafasi haitakusumbua. Kwenye simu fungua Word kwa akaunti ileile. Faili likiwa OneDrive, kitufe cha AutoSave (kujihifadhi kwenyewe) kilicho juu kushoto kwenye Word ya kompyuta hufanya kazi, na unaweza kurudi kwenye matoleo ya nyuma. Likiwa kwenye diski ya kompyuta tu, kinachokulinda umeme ukikatika ni AutoRecover, yaani nakala ya dharura ya Word, nayo kwa kawaida hufanya kazi kila dakika 10. Ipunguze iwe dakika 2 kwenye mipangilio ya kuhifadhi. Kwa kompyuta ya shule inayotumiwa na wengi, ingia OneDrive kupitia kivinjari na utoke kwenye akaunti kila umalizapo.

Kila unapomaliza hatua kubwa, tengeneza nakala yenye tarehe mwanzoni mwa jina, mwaka ukitangulia: 2025-06-14-mazoezi. Hivyo zitajipanga zenyewe. Maneno kama “mpya” na “ya mwisho” yaondoe kabisa kwenye majina.

Bando dogo

*Tasnifu yangu iko Google Docs na intaneti ninayo kwa vipindi tu. Naweza kuandika bila bando? — Mwanafunzi, Kigoma*

Unaweza, ila uandae ukiwa na intaneti. Kwenye simu, bonyeza nukta tatu za hati uchague ipatikane nje ya mtandao. Kwenye laptopu tumia Chrome au Edge yenye kiongezi cha Google Docs cha nje ya mtandao, uwashe mpangilio huo ndani ya Drive. Ifungue hati mara moja kabla bando halijaisha, ujaribu kuandika mstari mmoja huku data imezimwa.

Maandishi unayoandika bila mtandao yanakaa ndani ya kivinjari. Ukisafisha data za kivinjari kabla hayajapanda, yamekwenda. Usiwashe mpangilio huu kwenye kompyuta isiyo yako. Na wewe na msimamizi wako msiandike aya moja kwa pamoja huku mmoja hana mtandao, kwa sababu yatakapounganishwa sentensi zinaweza kuchanganyika. Kila Ijumaa pakua hati kwa muundo wa .docx uihifadhi kwenye laptopu. Maandishi matupu hayali bando kubwa. Kinachokula ni picha, hasa kurasa zilizoskaniwa.

Flashi ya TB 1 ya bei chee

*Nimenunua flashi ya TB 1 mtaani kwa bei ndogo sana. Mafaili ya mwanzo yalifunguka, ya baadaye yanasema yameharibika. Nilipoipeleka saiba kuprinti, folda zangu zote zikageuka kuwa shotikati, yaani alama za mkato tu. — Mtunzi wa mashairi, Mombasa*

Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza, flashi hiyo ina kila dalili ya kuwa feki. Kidhibiti chake hudanganya kompyuta kuwa kuna TB 1, wakati chipu ya ndani huenda ni ya GB 32 au pungufu. Nafasi halisi ikijaa, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inapotea, na jina la faili linabaki kama kawaida. Toa kilicho kizima, kisha uipime ikiwa tupu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Zote ni za bure. Zinaijaza flashi mpaka mwisho, halafu zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. Kwa flashi kubwa acha ikeshe. Ikifeli, itupe, wala usimpe mtu.

La pili ni kirusi. Mara nyingi folda zako bado zipo ila zimefichwa, na shotikati ukiibofya unakiendesha kirusi. Usibofye. Piga skani kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Folda zikionekana, zinakili, uifomati flashi. Chagua muundo wa exFAT, maana inasomeka na kuandikika kwenye Windows na Mac, ilhali muundo wa NTFS kwa kawaida Mac huisoma tu bila kuandika.

Flashi ya bakapu haiendi saiba. Nunua nyingine ndogo ya kuprintia, ubebe humo PDF ya ukurasa unaohitajika tu.

Namba ya nyumbani imefungwa

*Nafanya kazi Muscat. Miswada yangu yote iko Google Drive, na akaunti inatuma namba ya kuthibitisha kwenye laini yangu ya Tanzania ambayo haifanyi kazi tena. Laptopu yangu bado inafungua Drive. Nina wasiwasi. — Dada wa Kitanzania, Oman*

Dada, wasiwasi wako una msingi, na bahati nzuri umeandika mapema. Usitoke kwenye akaunti hata kwa bahati mbaya, na usisafishe kivinjari. Leo hiihii, kwa laptopu hiyo, pakua folda zako zote kutoka Drive uziweke kwenye diski. Hilo litangulie mengine yote.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usalama. Ondoa namba ya zamani, kwa kuwa laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Weka namba ya Oman na anwani ya pili ya barua pepe. Ongeza programu ya kuthibitisha kwenye simu, ambayo hutoa namba bila kutegemea laini. Kisha tengeneza namba za akiba: Google hutoa 10, kila moja ya matumizi ya mara moja. Ziandike kwenye karatasi mbili, moja ubaki nayo, moja aitunze ndugu unayemwamini nyumbani. Zisikae ndani ya Drive ileile wala kwenye simu pekee.

Ukimaliza, azima kifaa ambacho hujawahi kukitumia, ingia kwa nenosiri na namba moja ya akiba, fungua muswada mmoja usome, kisha utoke. Namba uliyoitumia ikate kwenye karatasi zote mbili.