Maswali ya Wasomaji: Je, babu zetu wakulima waliandikwa popote?

SWALI: Mhariri wa safu hii, shikamoo. Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi huko Machame, mkoani Kilimanjaro. Alifariki mwaka 1979. Kuhusu wazazi wake alituachia mambo mawili tu: kwamba baba yake alibatizwa wakati wa Wajerumani, na kwamba ndugu wengine wa baba yake walishuka tambarare na hawakurudi. Baba yangu naye ametutoka mwaka jana, na sasa wanangu wananiuliza maswali ambayo sina majibu yake. Baba mdogo ananiambia nisipoteze nauli, kwa sababu watu wa jembe hawakuandikwa. Walioandikwa ni wamangi tu, yaani watawala wa jadi wa Wachagga. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi?
Msomaji wa kike, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kufiwa na baba. Baba yako mdogo ana sababu ya kusema hivyo, maana vitabu vya historia ya Kilimanjaro vimejaa habari za Mangi Rindi, Mangi Sina na Mangi Meli, huku mkulima aliyepalilia migomba yake akikosa hata mstari mmoja. Hata hivyo mkulima huyo aliandikwa, tena mara nyingi, na watu waliokuwa na haja naye: mmisionari aliyetaka kumbatiza, serikali iliyotaka kodi, chama kilichonunua kahawa yake, na baraza lililoamua ugomvi wake wa mpaka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kwa ajili ya wajukuu. Ndiyo maana kila karatasi utakayoishika inakubidi ujiulize kwanza iliandikwa kwa haja gani, kisha uiamini kwa kadiri ya haja hiyo.

Usianzie kwenye nyaraka, anzia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa lenye nyumba. Omba mzee mmoja wa ukoo, hata kama ni huyo huyo baba mdogo asiyeamini, mzunguke naye mipaka ya kihamba kwa miguu. Kwenye pembe na kwenye makaburi ya zamani mtakuta masale, mimea ambayo Wachagga hupanda kuonyesha mpaka, na kila penye masale muulize: Ng'ambo ya hapa ni kwa nani, na kwa nini mpaka ulipita hapa? Mara nyingi jirani wa kihamba ni mjukuu wa ndugu wa babu, kwa kuwa ardhi moja iligawanywa. Desturi ya Wachagga wengi ilikuwa kumpa mtoto wa kwanza wa kiume kihamba chake anapooa, na kumwachia kitinda mimba nyumba ya wazazi pamoja na kihamba kilichoizunguka. Wana wa katikati ndio waliobaki kujitafutia. Kwa hiyo unaposikia kwamba fulani na fulani walishuka tambarare, kuna uwezekano mkubwa kwamba walikuwa wana wa katikati, na huko Boma Ng'ombe na vijiji vya chini huenda una binamu ambao hujawahi kuwaona. Uliza pia jina la mfongo, yaani mfereji, uliopitisha maji hapo zamani, maana mifongo mingi ilibeba majina ya koo zilizoichimba au kuitunza.

Baada ya hapo omba sanduku la bati lifunguliwe. Kila nyumba ya mkulima wa zamani inalo sanduku la namna hiyo, na ndani yake, chini ya kanga na vitenge, hulala karatasi ambazo hakuna aliyethubutu kuzitupa: stakabadhi za kodi, kadi ya kanisa, kitabu cha kupimia kahawa, pengine na cheti cha kuachishwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Zipige picha zote, pande mbili, kabla hujaanza kuzisoma. Stakabadhi ndogo ya kodi iliyoliwa na mende inaweza kukupa jina kamili la babu yako, jina la mchili wake (mkuu wa mtaa chini ya Mangi) na mwaka, yaani mambo matatu ambayo kumbukumbu ya mdomo huyachanganya.

Sasa tuje kwenye vitabu vya kanisa, ambavyo kwa ukoo wako ndio ufunguo. Wamisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ujerumani, walifungua kituo chao Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Old Moshi mwaka 1896. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika Kilema, na Kibosho wakaingia mwaka 1893. Ikiwa baba wa babu yako alibatizwa Machame kabla ya 1914, basi yumkini aliandikwa na Walutheri. Kumbuka kwamba sharika zimegawanyika mara nyingi tangu wakati huo, kwa hiyo usharika mnaosali leo huenda ulizaliwa miaka ya karibuni na vitabu vya mwanzo vikabaki kwenye usharika mama. Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wenu, nenda siku ya kazi, na uwe na subira na katibu, kwa sababu vitabu hivyo ni chakavu na si haki vishikwe na kila mtu.

Ukifika hapo, mambo mawili yatakusumbua. La kwanza ni tahajia. Mjerumani aliandika alivyosikia kwa herufi za lugha yake: Machame kwake ni Madschame, Moshi ni Moschi, na Mchagga ni Mdschagga. Ukoo wa Mushi unaweza kusomeka Muschi, na wa Shoo ukasomeka Schoo. Mwandiko wenyewe pia huenda ukawa ule wa kale wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kufundishwa. Ukishindwa, piga picha mstari huo kwa ruhusa ya ofisi umtafute anayeujua. Usibahatishe herufi, kwani herufi moja iliyokosewa itakuhamisha ukoo.

La pili ni majina. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima aliingia darasani na jina moja akatoka na jingine. Kwa Wakatoliki lilikuwa jina la mtakatifu, ilhali Walutheri wengi walichukua majina ya Kichagga ya kumshukuru Mungu, kama Aikaeli. Basi usitafute jina unalolijua peke yake. Tafuta jina la baba yake, la mama yake, na la mtaa. Hapa desturi itakusaidia, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mwandike babu yako pamoja na ndugu zake wote kwa mfuatano wa kuzaliwa, na majina ya wawili wa kwanza yatakudokezea majina ya wazee wa kizazi cha juu hata kabla hujafungua kitabu chochote.

Usishangae ukikuta pengo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Walutheri wa Marekani wakashika kazi katika miaka ya 1920, kisha Wajerumani wakarudi, hadi vita vya 1939 vilipowaondoa tena. Katika vipindi hivyo kazi kubwa ilibebwa na walimu na wazee wa kanisa wenyeji, na ninaamini jina la mwalimu aliyewaandika watu wenu linastahili kutunzwa pamoja na majina ya ukoo. Nyaraka za Misheni ya Leipzig zenyewe zimehifadhiwa Halle, Ujerumani, katika taasisi iitwayo Franckesche Stiftungen. Picha nyingi za wamisionari hao zinaonekana katika intaneti kupitia hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Usitegemee kumpata babu yako humo, lakini utaona nyumba, migomba na mavazi ya Machame aliyokulia.

Upande wa kahawa, wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, nacho kikafuatwa na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, mwaka 1933. Orodha za wanachama na za mapokezi ya kahawa zilishikwa na vyama vya msingi, kwa hiyo uliza hapo kwanza. Kuna vyama vilivyotunza daftari zao na kuna vilivyozipoteza.

Lakini kama ningeruhusiwa kukuchagulia nyaraka za aina moja tu, ningekuchagulia mashauri ya kihamba. Wenye kesi ya ardhi katika baraza la Mangi, na baadaye katika Mahakama ya Mwanzo, walilazimika kusema mbele ya mashahidi yale ambayo nyumbani hayasemwi: kihamba hiki babu yangu alipewa na Mangi fulani, akamwachia baba yangu, naye akamkaribisha mdaiwa kwa sababu alikuwa mtoto wa shangazi yake. Ndani ya maelezo ya ukurasa mmoja unapata vizazi vitatu, undugu wa upande wa wanawake, na kipindi. Mdai akisema kwamba jambo lilitokea wakati wa Mangi Abdieli Shangali, umeshajua kwamba ni enzi ya Waingereza. Tahadhari ni moja: kila upande ulikuwa unatafuta ushindi, na ndugu aliyekanwa mahakamani huenda alikuwa ndugu wa damu. Soma ushahidi wa pande zote mbili ndipo uchore mti wako. Na ikiwa kesi hiyo iliwatenganisha watu wenu, usiisome kwa sauti msibani.

Nyaraka za Taifa, zilizopo Upanga hapo hapo Dar es Salaam, ziache zije baadaye. Zina majalada ya enzi ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na daftari za wilaya ambamo maofisa waliandika habari za koo na watawala. Kwa sheria ya mwaka 2002, majalada ya serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Utakachokipata humo zaidi ni mazingira ya maisha ya babu yako: kodi, barabara, njaa, bei ya kahawa. Sensa za kikoloni hazitakufaa, kwa kuwa zilitoa jumla bila majina.

Umeona habari za vipimo vya vinasaba, najua, kwa sababu Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa enzi ya ukoloni yameoanishwa na ndugu walio hai hapa Tanzania, wakiwamo watu wa Kilimanjaro. Lilikuwa jambo zito, na familia hizo zilistahili kujua. Ila kipimo kilifanya kazi kwa sababu familia zilikuwa zimeshika habari za wafu wao kwa mdomo tangu walipotekwa au kunyongwa, nao ndio waliopimwa. Bila mti uliochorwa, kipimo kitakupa binamu usiyejua umweke tawi gani.

SWALI: Mama wa bibi yangu alibatizwa Kilema mwaka 1912. Cheti nilichopewa kinasema alizaliwa “circa 1895”. Neno hilo lina maana gani, na nitampataje mume wake ambaye hakuna anayemkumbuka?
Msomaji wa Moshi

JIBU: Circa ni Kilatini, maana yake ni takriban. Padri alimtazama msichana aliyesimama mbele yake akakadiria umri, kwa hiyo mwaka huo unaweza kusogea kwa miaka mitatu au minne huku na huku. Ukitaka kuukaza, tafuta masimulizi yanayomhusisha na tukio lenye tarehe: je, alikumbuka kunyongwa kwa Mangi Meli, Machi 1900, au alisimuliwa tu? Anayekumbuka kwa macho yake alikuwa walau na miaka minne au mitano.

Kuhusu mume, umeshakaribia kuliko unavyodhani. Kuanzia mwaka 1908 Kanisa Katoliki lilidai kwamba ndoa ikifungwa, habari zake ziandikwe pembeni mwa jina la mhusika katika kitabu cha parokia alikobatizwa, hata kama ndoa ilifungwa kwingine. Cheti ulichonacho ni nakala, na aliyeinakili huenda aliacha maandishi ya pembeni. Rudi Kilema, mwombe katibu wa parokia akusomee mstari wenyewe katika kitabu cha asili, pamoja na ukingo wa ukurasa, kisha akuandikie jina la mume, tarehe na parokia ya ndoa. Ukishajua parokia hiyo, kitabu chake cha ndoa ndicho kitakachokuonyesha baba wa bwana harusi.